Mbwa wa Boma Asiyetulia: Tazameni Chakula Chake Kwanza

Mfugaji mwenye mbuzi hamsini huwatazama mbuzi wake asubuhi na jioni. Huwahesabu, huwapapasa mbavu, huwaangalia macho. Lakini mbwa anayelala mlangoni pa boma lao hatazamwi na mtu. Hutazamwa siku mbili tu: siku fisi alipoingia naye asibweke, na siku alipomwuma mtoto. Siku hizo mbili zikifika, mambo yamekwisha kuharibika.

Katika Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera mbwa hana nafasi ndani ya nyumba, wala sisi hatusemi aingizwe. Yeye ni mtumishi wa nje, na kazi yake ni moja: kupiga kelele kwa wakati wake, ili watu waamke kabla fisi hajapenya miiba ya boma. Mbwa akibweka usiku kucha bila sababu, watu huizoea sauti yake wakalala; na siku fisi akija kweli hawaamki. Kwa hiyo mbwa mwenye wasiwasi ni hasara kama mbwa aliyekufa. Pengine ni hasara zaidi, maana yule aliyekufa hakuna anayemtegemea.

Mwandishi wa habari hizi alifuatana na Bwana Mifugo mmoja, kijana wa huko huko, mpaka kwenye boma la mzee mmoja karibu na Balambala, kando ya Mto Tana. Tulikwenda kwa ajili ya mbuzi wanaokohoa. Tulipomaliza, mzee alituonyesha mbwa wake aliyelala chini ya mkokoteni wa punda: mbwa wa rangi ya mchanga, wa miaka mitatu hivi, mbavu zake zahesabika. Mtu akiinua mkono, hata kwa kufunga kilemba, mbwa yule hutetemeka akajikunja. Usiku hubweka tangu Isha mpaka Alfajiri, akibwekea upepo na majani. Lakini mara mbili fisi walipokaribia, alinyamaza akajificha mle mle chini ya mkokoteni. Tena siku hizi alikuwa ameanza kuwafukuza vitoto vya mbuzi wakati wa mchana, na kutafuna kamba na ngozi.

“Daktari,” mzee akasema, “huyu nimekwisha kumchoka. Niambie kama ni mwoga au ni mgonjwa, nijue la kumfanya.”

“Adeer,” kijana akajibu, kama ilivyo desturi ya Wasomali kumwita mzee baba mdogo, “kwanza niambie anakula nini.”

Mzee akacheka. “Mbwa hula anachopata.”

Basi tukakaa kivulini tukahesabu anachopata. Wakati wa ukame ule mkubwa, misimu 5 ya mvua ilipopita mfululizo pasipo mvua ya kutosha tangu mwishoni mwa 2020 mpaka mwanzo wa 2023, mbwa huyo alikuwa angali mdogo, na mizoga ilikuwa kila mahali. Alikula mpaka akashindwa kutembea. Mvua iliporudi, mizoga ikaisha. Maziwa yalikuwa machache, na hayo machache ni ya watoto na ya kuuza. Mbwa akabaki na ukoko wa ugali siku moja, maji ya kuoshea sufuria siku ya pili, na siku ya tatu hapati kitu. Akichinjwa mbuzi, hapo hutupiwa mapafu na matumbo mabichi, akajaza tumbo akaugua. Kisha njaa tena.

Ndugu msomaji, jitieni katika hali hiyo. Mnyama asiyejua kama leo atakula hawezi kutulia. Kila sauti kwake ni habari: pengine ni chakula, pengine ni fimbo.

Njaa haimfanyi mbwa kuwa mlinzi

Wako watu wengi wanaoshika neno hili, ya kuwa mbwa akishiba hulala, na mbwa mwenye njaa ndiye mkali. Neno hili limewatia hasara wafugaji wengi. Mbwa mwenye njaa huliacha boma usiku akaenda kutafuta majalala, machinjio na mizoga. Akibaki, akili yake haiko kwa fisi, iko kwa tumbo. Na akishindwa kabisa, hujifunza kwamba kitoto cha mbuzi ni nyama. Mbwa aliyekwisha kujifunza hilo ni vigumu sana kumsahaulisha.

Wala kushiba peke yake hakutoshi, maana kuna shibe ya namna na namna. Wengi wenu mkimpa mbwa chakula humpa ugali mtupu. Ugali ni chakula cha nguvu, lakini protini ya mahindi ina upungufu wa kitu kimoja kiitwacho tiriptofani. Kitu hicho ndicho ubongo unachotumia kutengenezea serotonini, nayo ni mojawapo ya vitu vinavyouwezesha ubongo kutulia, kwa mbwa na kwa mtu pia. Mwili wa mbwa hauwezi kujitengenezea tiriptofani. Hauna budi kuipata katika chakula. Imo katika maziwa, nyama, mayai, samaki, na kiasi katika kunde na maharagwe.

Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walichapisha habari za mbwa 33 waliolishwa vyakula vya namna mbalimbali, wiki moja kila namna. Wale waliokuwa wakali kupita kiasi katika kulinda mahali pao walipungua ukali walipokula chakula chenye protini kidogo kilichoongezwa tiriptofani, kuliko walipokula chakula hicho hicho bila kuongezwa. Tena mwaka 2007 wataalamu wa Ufaransa walichapisha jaribio la mbwa wenye wasiwasi waliopewa kitu kilichotengenezwa kutokana na protini ya maziwa, kiitwacho alfa-kasozepini, na wasiwasi wao ulipungua. Msije mkafikiri kwamba kikombe cha maziwa ni sawa na dawa ile, la. Dawa ile hutengenezwa kwa ufundi. Na majaribio haya ni machache, hayajaondoa shaka yote. Lakini yanatuonyesha kwamba tumbo na tabia ya mbwa havikutengana kama watu wanavyodhani.

Chombo chake na saa zake

Wafugaji wa huku karibu wote ni Waislamu, na wengine huona vibaya kushughulika na chakula cha mbwa. Lakini Hadithi zimemruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Na mnajua vizuri sharti la madhehebu ya Shafi, ya kwamba chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi jambo jepesi ni kumpa mbwa chombo chake mwenyewe ambacho hakirudi jikoni kamwe. Kateni jerikeni kuukuu katikati, au chukueni karai lililotoboka mkalizibe. Kiwekwe mahali pamoja, mbali na sufuria na maji ya watu. Anayempa chakula amimine kutoka juu, bila kugusana naye. Tumeona desturi hii ina faida nyingine ambayo hatukuitazamia: mbwa hujifunza mahali pa kungojea, akaacha kunyemelea watu wanapokula.

Mpeni mara mbili kwa siku, kwa saa zile zile. Asubuhi kidogo, kabla mbuzi hawajatoka. Jioni sehemu kubwa, baada ya mbuzi kufungiwa na miiba kuvutwa mlangoni. Kwa namna hii boma na chakula hushikamana katika akili yake, naye hana sababu ya kuondoka usiku. Mlishaji awe mtu mmoja, na yafaa awe yule yule mchungaji anayetembea naye.

Kiasi gani? Mbwa wa kilo 20 anayefanya kazi ya ulinzi atatosheka na chakula hiki kwa siku: unga wa mahindi gramu 200, yaani pungufu kidogo ya robo kilo, upikwe uji mzito uive sana, nusu lita ya maziwa yaliyoganda, nyama za mabaki zilizopikwa, ukubwa wa ngumi moja, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya mkia wa kondoo. Asiye na nyama atie kunde zilizochemshwa mpaka zikapondeka. Walio karibu na mto wanaweza kupata vichwa vya kambare kwa bei ndogo. Wavipike, watoe miiba mikubwa. Samaki wabichi si wema, maana baadhi yao wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini, na mbwa akikosa vitamini hiyo mishipa yake ya fahamu hudhurika.

Tumesema maziwa yaliyoganda kwa makusudi. Mbwa wakubwa wengi wakinywa maziwa mabichi huhara, kwa sababu sukari ya maziwa huwashinda. Katika susa, yale maziwa ya ngamia yaliyochachuka, sukari hiyo imekwisha kupungua. Kila nyumba ina susa iliyozidi kuchacha ambayo mtu hainywi tena wala sokoni hainunuliwi. Hiyo ndiyo ya mbwa, lakini isiwe imeota ukungu.

Najua mtasema: watoto hawana maziwa, nimpe mbwa? Hilo ni neno la haki, na wakati wa ukame mkali hakuna mtu atakayewalaumu. Lakini pimeni. Mbuzi mmoja aliyekomaa akichukuliwa na fisi, fedha zake katika soko la mifugo la Garissa zingenunua unga wa mbwa kwa wiki nyingi. Na kama hamwezi kumpa chote tulichokitaja, mpeni nusu yake kila siku kwa saa ile ile, kuliko kumpa mengi leo na kumnyima kesho na kesho kutwa.

Msibadilishe chakula kwa siku moja. Anzeni na robo ya chakula kipya pamoja na kile alichozoea, mkaongeze kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 mpaka 10. Tumbo lililozoea mizoga na ukoko likijazwa ghafula huharisha, na mwenyewe huja akasema chakula cha Bwana Mifugo kimemdhuru mbwa. Na maji yawepo mchana na usiku. Mbwa wa kilo 20 huhitaji lita moja au zaidi kwa siku, na katika joto la Garissa huhitaji zaidi ya hapo. Mbwa anayehema mchana kutwa bila maji hawezi kuwa mtulivu usiku, hata mkimpa chakula cha namna gani.

Vitu vinavyomtia kitetemeshi

Yako pia mambo ya kuondoa katika chakula. Mahindi yaliyoota ukungu watu huyatenga wakasema, haya ni ya mbwa. Hiyo ni kumpa sumu. Mwaka 2004, hasa katika Makueni na Kitui, jirani zetu wa upande wa magharibi, watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu wa mahindi iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Mbwa hushindwa na sumu hiyo upesi. Tena vyakula vingine vyenye ukungu humtetemesha mbwa mwili mzima, na mwenyewe akadhani ni woga.

Majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, yenye sukari na maziwa, huliwa na mbwa kwa tamaa, na ndani yake mna kafeini inayomwendesha moyo mbio. Mabaki ya miraa ni hivyo hivyo: kile kinachomkesha mtu humkesha na mbwa, na mbwa mwili wake ni mdogo. Yafagieni, hasa pale palipoliwa njugu pamoja nayo, maana mbwa hufuata njugu. Mabaki ya pilau yenye vitunguu vingi huharibu damu yake. Na mifupa iliyopikwa huvunjika kama vigae ikamchoma matumbo.

Sasa tuje kwenye mapafu na maini mabichi, na hapa nawaomba msikilize zaidi, kwa kuwa jambo hili si la mbwa peke yake. Katika maini na mapafu ya mbuzi, kondoo na ngamia mara nyingi huonekana mifuko ya maji, mingine kama yai, mingine kama chungwa. Mbwa akiila mibichi, ndani ya utumbo wake huota tegu wadogo sana, wasiofika urefu wa sentimita moja, kwa maelfu. Mayai yao hutoka na kinyesi, yakaingia katika maji, majani na mikono ya watoto. Mtu akiyameza, mifuko ile ile huota ndani ya ini lake au mapafu yake, naye aweza kukaa nayo miaka kabla ya kuhitaji kupasuliwa. Turkana ilijulikana katika miaka ya 1970 na 1980 kuwa miongoni mwa mahali pa ulimwengu palipozidi kwa ugonjwa huo. Kichwa cha mbuzi au kondoo aliyekuwa na kizunguzungu nacho kina tegu wa namna yake: mbwa akila ubongo ule mbichi, huwarudishia mbuzi wenu kizunguzungu malishoni.

Basi maini, mapafu na vichwa vikatwekatwe vipande vidogo vikachemshwe, na baada ya maji kutokota vikae motoni nusu saa au zaidi. Kama kuni hazipo, vifukieni chini sana, na miiba juu yake. Mbwa naye apewe dawa ya minyoo. Kwa tegu dawa yake ni prazikwanteli, na Bwana Mifugo hupima kiasi kwa uzito wa mbwa. Mbwa mwenye minyoo mingi huona njaa saa zote, na mkimlisha vizuri pasipo dawa mnawalisha minyoo.

Huyu si wa chakula

Maneno yote tuliyoyaandika ni kwa mbwa ambaye wasiwasi wake ni wa siku nyingi. Mbwa aliyebadilika ghafula ni habari nyingine kabisa. Aliyekuwa mpole akawa mkali, au aliyekuwa mkali akaja kujilaza miguuni pa watu. Sauti imebadilika, mate yatiririka, hawezi kumeza, miguu ya nyuma yalegea, auma fimbo na mawe: huyo msimpe uji. Mdhanieni kuwa ana kichaa cha mbwa. Watu wengi hufikiri amekwama mfupa kooni wakamtia mkono kinywani, nayo ni hatari kubwa kupita zote. Mwiteni Bwana Mifugo, na watoto na mifugo wakae mbali, kwa maana punda, ngamia na mbuzi nao hupata ugonjwa huo.

Aliyeumwa, au aliyerambwa penye jeraha, aoshe mahali hapo mara hiyo hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwe, na arudi siku zote atakazoambiwa. Asingoje kuona kama ataugua. Dalili zikikwisha kuonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mpango wa kuumaliza kufikia mwaka 2030, na nguzo ya mpango huo ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Kitoto cha mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Hapa chakula cha saa maalum kinasaidia tena: mbwa anayekuja kwenye chombo chake hushikika siku ya chanjo, lakini yule wa majalala nani atamkamata?

Mbwa wa yule mzee alikuwa na woga wa zamani, si kichaa. Alipewa dawa ya minyoo, akachanjwa, akakatiwa jerikeni lake, na mjukuu wa mzee akaambiwa kuwa ndiye mlishaji. Tuliporudi baada ya wiki sita, mbavu zilikuwa zimefunikwa. Mjukuu alituambia kwamba wiki mbili za kwanza hakuona tofauti yoyote, mbwa alikula kwa pupa akakimbia. Wiki ya tatu alianza kungoja karibu na chombo kabla ya Magharibi. Kubweka kwa ovyo kumepungua sana, na vitoto vya mbuzi hawafukuzi tena. Usiku mmoja alibweka kwa sauti ambayo mzee aliitambua, wakatoka na tochi, wakakuta nyayo za fisi mbili nje ya miiba.

Hakupona yote. Radi ikipiga bado huingia chini ya mkokoteni, na mtu akiinua fimbo bado hujikunja. Fimbo alizopigwa akiwa mdogo hazitoki kwa uji, na Bwana Mifugo alimwambia mzee hivyo waziwazi, kwamba watoto wakatazwe kumrushia mawe.

Mzee alikuwa na neno lingine. Majirani zake watatu wana mbwa, nao wote hunywesha mifugo kisima kimoja, na mbwa wale bado hutupiwa mapafu mabichi. Alitaka kujua kama dawa ya minyoo iliyobaki katika mfuko wetu yawatosha wale nao. Ilitosha wawili. Wa tatu aliandikwa kwa safari ijayo, na mwenyewe akaagizwa amfunge siku hiyo tangu asubuhi.